Ndege ya kwanza ya Kenya ilipitia Mombasa ndani ya makasha, ikaondoka bila kudaiwa

NDEGE ya kwanza kuandikishwa nchini Kenya haikuingia nchini kwa kuruka. Iliteremshwa kutoka melini mjini Mombasa mnamo Septemba 1925, ikiwa imefunguliwa vipande vipande na kutiwa ndani ya makasha, kama shehena nyingine yoyote iliyokuwa ikielekea bara.

Ndege hiyo, inayofahamika kwa jina Miss Kenya, ingali hai. Haikuishia kuwa sanamu ya kutazamwa ndani ya ukumbi, bali imetunzwa iweze kupaa. Hata hivyo, makao yake si Changamwe, uliko uwanja mkuu wa ndege wa Pwani, wala si Nairobi. Yako Old Warden, katika jimbo la Bedfordshire nchini Uingereza, chini ya mkusanyiko wa ndege kongwe wa Shuttleworth. Mwingereza anayetaka kuiona hulipa kiingilio. Mkenya anayetaka kuiona hulazimika kwanza kutafuta viza.

Kisa hiki si cha kuwafurahisha wapenzi wa vitu vya kale pekee. Kina funzo zito kwa taifa ambalo kila mwaka huhubiri kuhusu ajira za vijana na elimu ya ufundi. Funzo lenyewe ni kwamba ndege kongwe hairejeshwi angani kwa fedha peke yake, wala kwa mapenzi peke yake. Hurejeshwa pale yanapokutana mambo matatu: karakana yenye vijana wanaofunzwa kazi, sheria inayozuia kipande cha mwisho kuuzwa kama chuma chakavu, na daftari linaloeleza kila kilichofanywa na aliyekifanya. Ndege hiyo ilipoondoka Kenya mwaka 1965, hakuna aliyeyakutanisha mambo hayo hapa nchini. Swali linaloibuka ni iwapo kuna wa kuyakutanisha sasa, na iwapo eneo la Mombasa bara, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, lina nafasi katika jibu lake.

Ili kulielewa swali hilo, ni muhimu kurejelea historia ya ndege yenyewe.

Miss Kenya ni ndege ya mabawa pacha, yaani ile yenye bawa moja juu na jingine chini, yakiunganishwa kwa nguzo za mbao na nyaya. Iliundwa na kampuni ya de Havilland ya Uingereza na aina yake inaitwa DH.51. Zilitengenezwa tatu tu mnamo miaka ya katikati ya 1920, na hii ndiyo pekee iliyosalia duniani. Ilikuwa na nafasi ya watu watatu.

Hata kabla ya kuvuka bahari, ilikuwa imeonja makali ya wakaguzi. Waundaji walikusudia kuitilia injini ya bei nafuu iliyobaki baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Wakaguzi walikataa kuipitisha vivi hivi kwa sababu injini hiyo ilikuwa na mfumo mmoja tu wa kuwasha mafuta, ambao ukizimika angani rubani hana pa kukimbilia. Ikabidi watumie injini nyingine ya silinda nane, aina ya Airdisco, yenye nguvu za farasi 120. Bei ikapanda na wanunuzi wakakimbia. Somo hilo halijapitwa na wakati: katika usafiri wa ndege, kifaa cha bei rahisi ambacho mkaguzi hakiamini huwa ghali kuliko vyote.

Mnunuzi wa ndege hiyo alikuwa mlowezi John Carberry, mzaliwa wa ukoo wa kikabaila wa Ireland aliyekuwa na shamba Nyeri. Makasha yalipokelewa Mombasa, ndege ikaunganishwa, na Aprili 4, 1926 ikapaa katika anga ya Kenya. Baadaye iliuzwa kwa kundi lililomjumuisha Tom Campbell Black, rubani aliyekuja kuwa mwalimu wa Beryl Markham. Ilipoandikishwa Kenya ilipewa alama za G-KAA, kisha VP-KAA mwaka 1929. Herufi ya mwisho, A ya mwanzo kabisa wa orodha, ndiyo ushahidi kwamba hakuna iliyoitangulia.

Zingatia njia iliyopita. Siku hizo, mizigo ya bara ilitoka kisiwani Mombasa kwa reli, ikavuka Makupa na kupanda Changamwe. Watu walioyateremsha makasha melini, waliyoyabeba na kuyapanga, majina yao hayamo katika kitabu chochote cha historia ya ndege. Majina ya wamiliki yamo yote. Tofauti hiyo ndogo ndiyo chanzo cha tatizo kubwa linalojadiliwa hapa: ndege iliandikwa kuwa mali ya waliokuwa wakiiendesha, wala si ya mahali ilikotua, na wakati wa kuondoka ulipofika hapakuwa na mwenyeji wa kuidai.

Wakati huo ulifika mwaka 1965, Kenya ikiwa huru kwa muda usiotimia miaka miwili. Ndege ilikuwa imekaa ghalani kwa muda mrefu. Ilipakiwa ndani ya ndege ya mizigo ya jeshi la anga la Uingereza, aina ya Beverley, ikapelekwa Hawarden, karibu na mji wa Chester, kwenye kiwanda cha kampuni ya Hawker Siddeley.

Ni nani waliopewa kazi ya kuifufua? Si maprofesa wala matajiri. Walikuwa wanagenzi, vijana waliokuwa wakisomea ufundi kiwandani humo. Walifungua, wakapima, wakaondoa kilichooza, wakachonga upya na kushona upya. Mwaka 1973 ndege hiyo ikaruka tena.

Kiwanda hicho kilikuwa kikiunda ndege za kisasa za jeti wakati huohuo. Mtu angedhani ni kupoteza muda kuwapa vijana wa enzi za jeti mbao na vitambaa vya mwaka 1924. Wenye kiwanda hawakuona hivyo. Kijana akishika bawa la mbao hujifunza kwa vidole vyake jinsi uzito unavyogawanywa, jinsi ufa mdogo unavyosafiri, na kwa nini kila hatua inahitaji sahihi ya mkaguzi kabla ya kufunikwa. Leo, katika eneo hilohilo la Broughton na Hawarden, ndiko yanakoundwa mabawa ya ndege za Airbus. Haiwezi kudaiwa kwamba Miss Kenya ndiyo iliyoleta kazi hiyo. Lakini ni bayana kwamba mahali panapothamini mikono ya wanagenzi wake ndipo kazi huendelea kukaa, kizazi baada ya kizazi.

Hapa yafaa kutofautisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Kuhifadhi ndege ni kuizuia isioze. Kuirejesha angani ni kuhakikisha kwamba binadamu anaweza kuikabidhi roho yake. La kwanza linaweza kufanywa kwa rangi na paa zuri. La pili halina njia ya mkato.

Kazi huanza kwa kubomoa. Kitambaa cha zamani huvuliwa chote, kwa kuwa hasara kubwa hujificha chini yake. Ndani mna boriti kuu mbili zinazopita bawa zima, na mbavu nyembamba zinazolipa bawa umbo lake. Mbavu hizo hazitofautiani sana kikazi na yale ambayo fundi wa jahazi huyaita mataruma. Kila kiungo huchunguzwa, hasa palipotiwa gundi. Ndege nyingi za enzi hizo ziliunganishwa kwa gundi ya kasini, inayotokana na protini ya maziwa. Gundi hiyo ni imara pakiwa pakavu. Penye joto na unyevu huliwa na kuvu na kuachia polepole, huku mbao zenyewe zikionekana nzima kwa nje.

Kwa sababu hiyo, hewa ya Pwani ni adui asiyeonekana. Chumvi hula nyaya na misumari, unyevu hula gundi, mchwa hula kilichobaki. Fundi mwenye busara hukata gundi yote ya zamani na kutumia ya kisasa isiyoyeyuka kwa unyevu, kisha hutengeneza kipande cha majaribio kwa kila mchanganyiko na kukivunja makusudi. Kikivunjika kwenye mbao, gundi imefaulu. Kikiachia kwenye kiungo, kazi ya siku nzima hutupwa.

Baada ya mbao huja kitambaa. Zamani kilikuwa cha kitani, kilichoshonwa kwa mkono, kila mshono ukihesabiwa, kisha kikapakwa dawa maalum ambayo mafundi huiita dopu ili kijikaze kama ngozi ya ngoma. Kisha huja nyaya za kati ya mabawa, ambazo hukazwa kwa vipimo. Zikilegea upande mmoja, ndege huvuta upande huo muda wote wa safari. Mwisho ni injini. Kila pande la chuma hukaguliwa nyufa zisizoonekana kwa macho, na ambapo vipuri havipo tena duniani, huchongwa upya kwa kufuata michoro ya kiwanda.

Muda unaohitajika si haba. Ndege aina ya Swordfish yenye nambari W5856, mali ya urithi wa jeshi la wanamaji la Uingereza, iligunduliwa kuwa na kutu katika boriti za mabawa mwaka 2003. Mabawa mapya yalikamilika mwaka 2012, na ndege ikarejea angani mwaka 2015. Hiyo ni miaka 12 kwa ndege iliyokuwa na wafadhili, michoro na kiwanda kikubwa nyuma yake. Yeyote anayeahidi kufufua ndege ya mbao kwa miezi michache ama haijui kazi hiyo au ana nia nyingine.

Swordfish, ambayo pia ni ya mabawa pacha, si mgeni kwa Mombasa. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, jeshi la wanamaji la Uingereza lilihamishia Kilindini makao ya kikosi chake cha Mashariki. Meli zake za kubebea ndege zilikuwa na Swordfish na Albacore, na ndizo zilizotumika katika uvamizi wa Diego Suarez, Madagascar, mwezi Mei mwaka huo. Kituo cha ndege za wanamaji cha Kilindini kilipewa jina la Kiswahili, Kipanga, na karakana ya ukarabati ya Nairobi ikaitwa Korongo. Uwanja wa Port Reitz, ambao leo ni Uwanja wa Kimataifa wa Moi, ulitumika kijeshi miaka hiyo.

Kabla ya vita, Pwani ilikuwa imeshazoea mlio wa ndege za mabawa pacha. Kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa na Florence Kerr Wilson mwaka 1929 jijini Nairobi, ilianza na ndege ndogo aina ya Gipsy Moth. Katika miaka ya 1930 ilikuwa ikibeba abiria na barua kati ya Nairobi, Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, ikitumia pia ndege za Dragon na Dragon Rapide zilizoundwa kwa mbao na kitambaa. Vita vilipozuka ndege zake zilitwaliwa na serikali, na kampuni ikafikia mwisho wake.

Lakini historia hiyo pia inaonyesha mahali ambapo kamba ilikatikia. Mnamo Mei 1931, Denys Finch Hatton aliruka na Gipsy Moth yake hadi Pwani. Waandishi wa wasifu wake wanasimulia kwamba rafadha ya ndege iliharibika alipotua kwenye ardhi ya matumbawe kaskazini mwa Mombasa, ikabidi nyingine iagizwe kutoka Nairobi, pamoja na fundi wa kuifunga. Siku chache baadaye, Mei 14, ndege ilianguka Voi muda mfupi baada ya kupaa, ikamuua yeye na mtumishi wake Kamau. Chanzo cha ajali hakitakiwi kuunganishwa na rafadha hiyo bila ushahidi. Linalodhihirika ni jambo jingine: Pwani ilikuwa mahali pa kutua, wala haikuwa mahali pa kutengeneza. Ndege zilikuja, ziliharibika, na fundi alitoka kwingine.

Hali hiyo haijabadilika sana. Changamwe inapokea ndege za kila aina, na wakazi wake wanafanya kazi za kubeba mizigo, usalama, usafi na teksi. Mafunzo makuu ya usafiri wa ndege yako Nairobi, na karakana kubwa za ndege zimejengwa huko tangu enzi za shirika la East African Airways, lililosambaratika mwaka 1977. Kijana wa Port Reitz hukua akizijua ndege kwa mlio, asipate kuona hata moja ikifunguliwa.

Kuna wanaopinga wazo zima la kushughulikia ndege za aina hii, na hoja zao si za kupuuzwa. Wanauliza: mkazi wa Likoni anayepanga foleni ya feri asubuhi na jioni, au mama wa Kisauni anayenunua maji kwa mtungi, atafaidika vipi na kichezeo cha mlowezi? Ndege hizo, wanasema, zilipaa juu ya ardhi iliyonyang'anywa wenyewe. Ziliwapeleka wachache kuwinda na kustarehe huku wengi wakitembea kwa miguu na kipande shingoni. Kuzitukuza leo ni kutukuza enzi hizo.

Hoja hiyo ina ukweli, ila inafikia tamati isiyo sahihi. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kwa ajili ya kuwatawala watu wa Mombasa, na hakuna mwenye akili timamu anayedai ibomolewe. Kengele ya Frere Town, katika upande wa kaskazini wa mlango wa Kisauni, ilitoka kwa wamishonari waliowapa hifadhi watu waliokombolewa utumwani. Leo mtaa mzima unaitwa Kengeleni, na kengele ni ya wenyeji. Kitu hubadilika mwenyewe pale jamii inapokitia mkono na kukieleza kwa ulimi wake. Ndege ya mwaka 1925 iliyokarabatiwa na vijana wa Changamwe, ikiwa na maelezo kuhusu wapagazi wa Kilindini na Kamau wa Voi, haitakuwa tena kichezeo cha mlowezi.

Kuhusu gharama, ni kweli kwamba hospitali na maji vitangulie. Hata hivyo, anayetenga fedha za mafunzo ya ufundi huwa tayari ameamua kuzitumia. Kinachobaki ni kuamua vijana watajifunzia juu ya nini. Kiunzi cha bawa la mbao ni darasa la useremala, hesabu, uchomeleaji, ushonaji na uandishi wa kumbukumbu kwa pamoja.

Suala la sheria nalo ni tata zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Ndugu wa ukoo wa Wright waliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1903. Kwa maneno mengine, hakuna ndege yoyote duniani inayoweza kuwa kitu cha kale chini ya kifungu hicho, hata ikae karne tatu.

Sheria hiyohiyo inavilinda vitu vingine kwa jina. Mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kinacholindwa, na hakiwezi kutolewa nchini bila kibali. Wakazi wa Mji wa Kale wanaijua faida ya kifungu hicho, kwani milango hiyo ilikuwa imeanza kung'olewa na kuuzwa. Ndege, injini au rafadha ya enzi hizohizo haimo. Ili ilindwe, ni lazima waziri husika atoe tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Tangazo kama hilo halihitaji bajeti. Linahitaji karatasi moja na uamuzi. Bila hilo, mtu akipata mabaki ya ndege ya mwaka 1930 ghalani mwake, yuko huru kuyauza kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu au kuyapakia kwenye kontena pale Kilindini. Miss Kenya iliondoka kabla ya sheria ya 2006 kuwepo, na hakuna haja ya kumlaumu aliyeipeleka. Pengine ingebaki ingekuwa kuni. Lakini nyingine ikiondoka leo, hakutakuwa na kisingizio.

Wapo watakaosema kwamba Mombasa haina uwezo. Rekodi haiungi mkono dai hilo. Meli ya kivita ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 wakati wa mzingiro wa Waomani, ilichimbuliwa na wapiga mbizi kati ya 1977 na 1980. Mbao na vyombo vilivyokaa majini karibu miaka 300 vilishughulikiwa na kuhifadhiwa Fort Jesus. Anayeweza kuutunza ubao wa aina hiyo hatashindwa na ubao wa bawa. Kule Mtongwe, Likoni, kuna kambi ya jeshi la wanamaji na kazi ya ukarabati wa vyombo vya majini, yenye nidhamu ya vipimo na ukaguzi. Mwambao mzima una mafundi wa majahazi wanaoujua ubao kwa kuugonga tu na kuusikiliza. Na Changamwe kuna uwanja wenye mabanda na wakaguzi.

Kisichokuwepo ni daraja la kuwaunganisha. Fundi wa jahazi hana cheti kinachotambuliwa na mamlaka ya safari za ndege, KCAA. Mhitimu wa chuo ana cheti, ila hajawahi kushika tezo. Mhifadhi wa makavazi anajua chumvi na kuvu, lakini hajui mzigo unaobebwa na boriti ya bawa. Kila mmoja amekaa na theluthi ya maarifa.

Aidha, ni lazima vikwazo visemwe waziwazi. Injini za enzi hizo zina mafundi wachache duniani, na baadhi ya kazi itabidi zifanyiwe ng'ambo. Bima ni ghali. Hewa ya bahari haifai kwa makao ya kudumu ya ndege ya mbao. Yamkini ukarabati ukafanyika Mombasa na ndege yenyewe ikalala bara kwenye ukavu. Na si kila mabaki yanastahili kurushwa. Yapo ambayo ukibadilisha kila kilichooza, unabaki na ndege mpya yenye jina la zamani. Hayo ni heri yaachwe yalivyo na yaelezwe vizuri.

Kwamba anga ya Kenya ingali inafaa kwa ndege hizi si jambo la kubahatisha. Mwaka 2016 msafara wa ndege kongwe za mabawa pacha ulitoka kisiwa cha Crete, Ugiriki, hadi Cape Town, Afrika Kusini, ukipitia Kenya na Tanzania. Na Gipsy Moth ya mwaka 1929 yenye alama G-AAMY, iliyotumika katika filamu ya Out of Africa ya 1985, ilinadiwa Paris mwaka 2013 na kurejeshwa Kenya, katika hifadhi ya Segera, Laikipia. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini iliwezekana kwa uwezo wa mtu binafsi, katika mahali ambapo mgeni wa kawaida ni mtalii wa hoteli ya kifahari. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya Mikindani au Mtopanga hawezi kwenda huko kwa daladala wala kwa matatu.

Hatua ya kwanza, basi, si kudai Miss Kenya irejeshwe kesho. Wanaoitunza wameitunza vyema kuliko ilivyotunzwa hapa, na ukweli huo ni mchungu lakini ni ukweli. Linaloweza kuombwa kwao ni nakala za michoro na kumbukumbu, na nafasi za mafunzo kwa vijana wachache. Hatua ya pili ni tangazo la waziri. Ya tatu ni ndogo kabisa: bawa moja, si ndege nzima, lijengwe katika karakana moja ya Mombasa bara na mafundi wa aina zote tatu, chini ya jicho la mkaguzi, na kuandikwa hatua kwa hatua. Bawa hilo likikataliwa, sababu za kukataliwa zitakuwa somo. Likikubaliwa, patakuwa na kundi la watu wanaoweza kuombwa kazi nyingine, ikiwemo ya ndege za kisasa zinazotua jirani nao kila siku.

Sambamba na hayo, wapo wazee waliofanya kazi Port Reitz na katika karakana za East African Airways. Wao ni kumbukumbu hai, na kila mwaka idadi yao inapungua. Kuwarekodi hakuhitaji kibali cha mtu.

Wazee wa Pwani walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ndege ya kwanza ya Kenya ina daftari, na kwa sababu hiyo haijapotea. Linaonyesha tarehe, injini, wamiliki, hata kila kipande kilichobadilishwa na mwanagenzi wa Hawarden. Ukurasa wa Mombasa tu ndio mtupu: mwezi wa kufika umetajwa, walioipokea hawakutajwa. Ukurasa huo hauwezi kuandikwa Old Warden. Ukiachwa mtupu kwa karne nyingine, watakaoulizwa ni wenyeji wa bandari.